Nyumba Isiyo na Mlango wa Mbele: Kuwaongoza Watoto katika Nyumba ya Makumbusho ya Evers, Jackson, Mississippi

1.0 Utangulizi

Nia ya makala haya ni kuchunguza namna nyumba iliyohifadhiwa inavyowasimulia watoto habari zake, na wajibu wa mtu mzima anayewaongoza watoto hao ndani yake. Nyumba tutakayoitumia ni ile ya familia ya Medgar na Myrlie Evers, iliyoko mjini Jackson, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Ni nyumba ndogo ya miaka ya 1950, isiyo na ghorofa, ya jinsi iliyojengwa kwa wingi mno nchini humo baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Baba wa nyumba hiyo alipigwa risasi kando ya mlango wake usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963. Mkewe na watoto wao watatu walikuwamo ndani, wakimngoja.

Yapo makumbusho mengi ya nyumba za kipindi hicho. Aghalabu nyumba hizo huhifadhiwa kwa ajili ya ramani zake, vioo vyake vipana na samani zilizobuniwa na mafundi mashuhuri, na mtoto anayezizuru huambiwa neno moja tu tangu aingiapo hadi atokapo: usiguse. Nyumba ya Evers ni ya namna nyingine. Haina kitu cha thamani ambacho mtoto angeweza kukivunja, wala haikusifiwa na mtu kwa uzuri wake. Ilichonacho ni mpango uliofikiriwa kwa makini kwa ajili ya watoto, ili waendelee kuwa hai. Fauka ya hayo, ipo nasaba ya kweli baina ya nyumba hii na Afrika ya Mashariki, nasaba iliyobebwa na jina la mtoto mmojawapo, nasi tutaieleza mahali pake.

Tunalodai ni hili: mlango wa nyumba hii unamlazimisha mgeni kuanza kisa mwishoni, na kwa mgeni aliye mtoto mwanzo wa namna hiyo huharibu yote yafuatayo. Anayewaongoza watoto hana budi kuupangua mpangilio huo. Mtoto aisome nyumba kwanza kwa kimo chake mwenyewe, kama walivyoisoma watoto waliolala humo. Habari ya kifo ije baadaye.

2.0 Neno "makumbusho" na tatizo la mtoto

Istilahi tunayoitumia ina mtego ndani yake, nao wafaa kuelezwa kabla hatujaendelea. Nomino makumbusho imetokana na kitenzi kumbuka kupitia umbo lake la kusababisha, kumbusha. Kitenzi kumbusha hudai mtendwa aliyekwisha kulijua jambo, kisha akalisahau au akalipa kisogo. Asiyepata kulijua hakumbushwi. Huarifiwa, hufunzwa, husimuliwa. Kiingereza na Kifaransa zimerithi neno la Kiyunani lililohusu makao ya miungu wa sanaa, neno ambalo halimdai mgeni awe na kumbukumbu yoyote (ingawa, katika visasili vya Wayunani, mama wa miungu hao ni Kumbukumbu mwenyewe). Kiswahili kimelichagua jukumu zito zaidi. Jumba letu laitwa kwa kazi ya kurudisha kilichokuwamo akilini.

Kwa mgeni mzee kazi hiyo hutimia bila taabu. Bibi aliyezaliwa mwaka 1945 akiingia katika jiko la miaka ya 1950 hulitambua jokofu lenye pembe za mviringo, huitambua televisheni iliyo kama kabati, na mara huanza kueleza ya kwao. Amekumbushwa. Mjukuu aliyeshikwa mkono naye huona kasha kuukuu tu. Nyumba haijamwambia kitu, kwa kuwa hana akibani mwake kitu cha kuitikia. Hapo ndipo viongozi wengi wa watoto hukimbilia tarehe na vyeo, wakidhani upungufu ni wa habari. Upungufu, kwa maoni yetu, ni wa mahali pa kuanzia. Mtoto hana kumbukumbu ya mwaka 1963, lakini anajua kitanda ni nini, anajua kuogopa usiku, anajua kumngoja mzazi aliyechelewa kurudi, na ni kwa maarifa hayo matatu nyumba hii iliwekwa jinsi ilivyo.

3.0 Familia na nyumba

Medgar Evers alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Decatur, Mississippi. Alitumikia jeshi la Marekani barani Ulaya wakati wa vita, akarejea nyumbani akakuta kwamba aliyepigania nchi hawezi kupiga kura ndani yake. Alisoma katika chuo cha Alcorn, na mkesha wa Krismasi mwaka 1951 akamwoa mwanafunzi mwenziwe, Myrlie Beasley. Alifanya kazi ya kuuza bima katika mji wa Mound Bayou, kazi iliyomfikisha katika vibanda vya wakulima maskini wa pamba na kumwonyesha hali yao. Mwaka 1954 aliomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi, akakataliwa. Mwishoni mwa mwaka huo chama cha NAACP, kilichopigania haki za Wamarekani weusi tangu mwaka 1909, kilimteua kuwa katibu wake wa kwanza wa mashinani katika jimbo hilo. Kazi yake ikawa kuandikisha wapiga kura, kusimamia migomo dhidi ya maduka ya wabaguzi, na kuchunguza mauaji ya watu weusi ambayo polisi hawakutaka kuyachunguza. Kwa kazi hiyo jina lake liliwekwa katika orodha za watu wa kuuawa, naye alilijua hilo. Mkewe alijua pia.

Nyumba yao ilijengwa katikati ya miaka ya 1950 katika barabara iliyoitwa Guynes Street, ndani ya mtaa mpya uliopimwa na kuendelezwa na wafanyabiashara weusi kwa ajili ya walimu, wakaguzi na wafanyakazi weusi wa tabaka la kati. Ulikuwa mtaa wa kwanza wa aina hiyo Mississippi baada ya vita. Jirani mmojawapo alikuwa Margaret Walker Alexander, mshairi na mtunzi wa riwaya ya Jubilee (1966), ambaye barabara hiyo sasa inaitwa kwa jina lake. Yafaa mtoto aelezwe habari za mtaa huu, walau kwa maneno machache, kwani picha aliyoizoea ya watu weusi wa kusini mwa Marekani ni ya kibanda cha mashambani. Hapa palikuwa na nyasi zilizokatwa, magari, baiskeli na walimu wa shule.

Baada ya mauaji, Myrlie alihamia California pamoja na watoto mwaka 1964. Nyumba ilibaki mikononi mwake hadi mwaka 1993, alipoikabidhi kwa chuo cha Tougaloo, chuo cha kihistoria cha watu weusi kilichoko kaskazini mwa Jackson. Filamu ya Ghosts of Mississippi, iliyotolewa mwaka 1996, ilipigwa kwa sehemu ndani ya nyumba yenyewe. Mwezi Machi 2019 bunge la Marekani liliidhinisha iwe hifadhi ya taifa, na Desemba 2020 iliingia rasmi katika usimamizi wa idara ya hifadhi za taifa. Si kila samani iliyomo ilikuwa ya familia. Mtoto akiuliza kama kitanda hiki ndicho chenyewe, ajibiwe ukweli, tena bila haya. Watoto huvumilia sana kuambiwa kwamba kitu ni mfano wa kingine; wasichovumilia ni kugundua baadaye kwamba walidanganywa. Kuta, madirisha na nafasi baina ya vyumba ndiyo mambo yasiyo na mfano, na ni hayo yanayobeba kisa.

4.0 Mlango na msuko wa kisa

Nyumba za Guynes Street zilielekea barabara, kila moja na mlango wake wa mbele. Ya Evers haina. Mlango mkuu uko ubavuni, chini ya banda la gari, ili mtu ashukaye garini aingie ndani bila kusimama mbele ya macho ya barabara. Familia iliomba ijengwe hivyo.

Msomaji wa Kiswahili atalielewa jambo hili upesi kuliko Mmarekani. Katika nyumba ya mwambao, upande wa mbele ndio uso wa mwenye nyumba: hapo pana baraza ya kuketi wageni, hapo pana mlango wa nakshi unaotangaza heshima ya waliomo, na hapo ndipo mtu hupiga hodi. Hata ukoo, katika miji ya pwani ya kaskazini, huitwa mlango. Nyumba isiyo na mlango wa mbele ni nyumba iliyonyimwa uso. Familia yenye hofu imeamua kwamba haitaweza kumpokea mgeni kwa utaratibu wa watu walio salama, kwa kuwa miongoni mwa watakaobisha yumo asiyetaka kuingia.

Mtoto aulizwe jambo hilo akiwa bado nje: mlango uko wapi? Swali hili ni jepesi, lina jibu linaloonekana kwa macho, na humfanya mtoto azunguke akitafuta. Akishauona, aulizwe kwa nini uko huko. Wengi, tunaamini, watakaribia jibu wenyewe, maana kujificha ni taaluma ya utotoni.

Hata hivyo, hapo pana tatizo tulilolidokeza katika utangulizi. Mahali palipobuniwa kuwa salama ndipo mauaji yalipotokea. Usiku ule Rais Kennedy alikuwa amelihutubia taifa kwa televisheni, tarehe 11 Juni, akiitangaza haki ya raia weusi kuwa jambo la dhamiri. Watoto waliruhusiwa kukesha wamngoje baba waizungumze hotuba hiyo. Evers alirejea kutoka mikutanoni baada ya saa sita za usiku, akashuka garini akiwa amebeba fulana nzito zilizoandikwa maneno ya kutaka ubaguzi ukome. Risasi moja ilitoka kichakani ng'ambo ya barabara, ikampiga mgongoni. Alijikokota kuelekea mlangoni. Risasi, ikiisha kumpita, ilivunja dirisha, ikatoboa ukuta wa ndani, ikaingia jikoni na kugonga jokofu. Alifariki hospitalini muda usiotimia saa moja baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Kwa kuwa mlango ni huo mmoja, kila mgeni huingilia hapo. Mtembezaji husimama bandani, na maneno yake ya kwanza, kwa kawaida ya mahali penyewe, huwa ni maneno ya mwisho wa kisa. Katika taaluma yetu mpangilio huu ni wa kawaida: msimulizi hutanguliza tukio kuu, kisha kwa mbinu rejeshi akawarudisha wasikilizaji kwenye chanzo. Hadhira ya watu wazima huweza kubeba taharuki ya namna hiyo, kwa kuwa inajua kisa tangu kabla ya kufika. Mgeni mzima huja Jackson kwa sababu ya mauaji. Mtoto hakuja kwa sababu hiyo. Aliletwa. Akielezwa sakafuni pa banda kwamba hapa baba aliangukia, hatakiona tena chumba chochote. Ataingia sebuleni akitafuta damu, ataingia jikoni akitafuta tundu, na vitanda vya watoto vitakuwa vitanda tu. Tumekuwa tukiwaambia wanafunzi wetu miaka mingi kwamba fanani stadi hubadili mpangilio wa ngano kulingana na waliomzunguka. Sioni kwa nini kanuni hiyo isimame langoni pa makumbusho.

Kwa hiyo bandani pasemwe kidogo: kwamba hapa ndipo waliposhukia garini, na kwamba tutapita tena hapa tukitoka. Mtoto hatadanganywa kwa maneno hayo.

Kabla ya kuingia ndani, pana jambo moja la kifasihi ambalo wasomaji wa jarida hili hawatanisamehe nikiliacha. Mji huohuo wa Jackson una nyumba nyingine ya makumbusho, ya mwandishi mzungu Eudora Welty. Bi. Welty aliposikia habari za mauaji aliandika mara moja hadithi fupi, "Where Is the Voice Coming From?", iliyotoka katika jarida la The New Yorker tarehe 6 Julai 1963. Msimulizi wake ni muuaji mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, kabla ya ulimwengu kumjua. Ni kazi inayofundishwa sana, na kwa haki. Lakini msimamo wake ni ng'ambo ya barabara. Jicho lake latazama banda kutoka kichakani. Aliyeisoma hadithi hiyo kisha akaja na watoto katika nyumba hii atahisi jinsi mahali pa kusimama panavyobadili kisa kizima: kutoka ndani, kutoka magodoroni, barabara ile ni kitu kingine kabisa.

5.0 Kimo

Tuingie basi vyumbani. Madirisha ya chumba cha watoto yaliwekwa juu. Magodoro ya watoto yaliwekwa chini sakafuni, ili aliyelala awe chini ya usawa wa dirisha. Wazazi waliwafundisha watoto wao watatu, Darrell, Reena na Van, kwamba wakisikia mlio usio wa kawaida wajiangushe chini, watambae hadi bafuni, na kuingia katika hodhi la kuogea, kwa kuwa lilikuwa kinga thabiti kuliko nyingine zilizokuwamo. Walilifanyia mazoezi jambo hili. Mwishoni mwa Mei 1963 chupa ya petroli iliyowashwa ilirushwa bandani, na Myrlie akauzima moto kwa mpira wa kumwagilia bustani. Siku chache tu baadaye watoto waliusikia mlio wenyewe, wakafanya kama walivyofundishwa.

Mtu mzima aliyesimama katika chumba hicho haoni kitu. Macho yake yako juu ya kizingiti cha dirisha, naye hutazama nje, akasifu mtaa ulivyo mtulivu. Ni lazima aambiwe. Mtoto wa miaka 6 haambiwi: macho yake yako chini ya dirisha, na nje haoni ila mbingu. Anachotakiwa kufanya kiongozi ni kumwuliza anaona nini, kisha kuchuchumaa kando yake hadi vichwa vyao vilingane. Mtu mzima amekwisha kushuka katika hadhira. Mwenye kusoma nyumba sasa ni mtoto. Ni mara chache sana, katika jumba lolote la makumbusho duniani, mtoto huwa mjuzi kuliko mzazi wake kwa sababu ya ufupi wake.

Kutoka hapo hadi bafuni ni hatua chache, na hatua hizo zihesabiwe. Je, watoto watambae? Lipo vuguvugu, hasa kwa walimu vijana, la kufanya kila kitu igizo, likidai kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Kwa jambo hili nasita, na kusita kwangu kuna sababu. Igizo la watoto huelekea kwenye kicheko, kama ilivyo haki yake. Na kicheko katika ukumbi huo si dhambi ya mtoto bali ni kosa la aliyemwambia atambae. Tena mtoto atambaaye hachunguzi. Ameshughulika na magoti yake. Kuhesabu hatua, kuuliza ni nani aliyemshika mkono Van aliyekuwa na miaka mitatu tu, kulitazama hodhi na kufikiri kama watatu wataenea humo, hayo yanatosha.

Ikumbukwe pia kwamba wapo watoto ambao hawahitaji igizo kabisa. Mtoto wa shule wa Marekani ya leo amefundishwa kufunga mlango wa darasa, kuzima taa na kunyamaza chini ya dawati, kwa hofu ya mtu mwenye bunduki. Bibi yake, katika miaka ya 1950, alifundishwa kuingia chini ya dawati lilelile kwa hofu ya bomu la atomiki. Watoto wa shule za Kiafrika waliotoka katika nchi zilizopigana wana mazoezi yao wenyewe. Mtoto wa namna hiyo akionyeshwa magodoro hayo huenda akanyamaza, na ukimya wake usijazwe maneno. Kwake yeye, tofauti na wengine, nyumba hii ni makumbusho kwa maana kamili ya kitenzi.

Kuna wanaoshika kwamba watoto wa umri mdogo wasiletwe kabisa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba Darrell alikuwa na miaka 9 usiku ule, Reena miaka 8, na Van miaka 3, nao hawakuulizwa kama wamefikia umri. Jibu hilo linavutia lakini halishiki. Kwamba mtoto mmoja alilazimishwa kuona si hoja ya kumwonyesha mwingine. Hoja ya kweli ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo katika nyumba hii si kifo, bali ni malezi: watu wawili wenye mapato ya kadiri walikaa wakafikiri, chumba kwa chumba, namna ya kuwalinda wana wao bila kuwafanya wafungwa. Sehemu hiyo yaweza kuelezwa kwa mtoto yeyote anayeweza kuuliza. Sehemu ya bandani yaweza kungoja mwaka mwingine, au ikaelezwa kwa sentensi mbili. Ziara si lazima imalize kisa.

6.0 Jina Kenyatta

Mwana wa kwanza wa nyumba hii aliitwa Darrell Kenyatta Evers. Alizaliwa tarehe 30 Juni 1953. Miezi michache kabla, tarehe 8 Aprili, mahakama ya kikoloni huko Kapenguria ilikuwa imemhukumu Jomo Kenyatta kifungo cha miaka saba kwa shtaka la kuongoza Mau Mau. Medgar Evers alikuwa akizifuatia habari hizo magazetini kwa shauku. Kuna wakati aliwaza kwamba huenda Mississippi nayo ikahitaji mapambano ya siri kama yale ya misitu ya Kenya. Baadaye aliliacha wazo hilo, lakini jina hakuliacha. Myrlie amesimulia kwamba mumewe alitaka mtoto aitwe Kenyatta tu, na kwamba yeye, akihofia mzigo wa jina hilo kwa mtoto wa Mississippi, alilitanguliza jina Darrell katika cheti. Ni hofu ileile iliyouhamisha mlango.

Kwa mtoto wa Afrika ya Mashariki anayeletwa katika nyumba hii, au aliyezaliwa ughaibuni na wazazi wa huku, jina hili ni mahali pa kuanzia pasipo na mfano. Analijua kutoka kwenye noti, uwanja wa ndege, hospitali na barabara. Hapa analikuta juu ya godoro. Naye aweza kuelezwa kwamba jina lenyewe lilikuwa limesafiri kabla: mwenye jina alizaliwa Kamau wa Ngengi, na Kenyatta lilikuwa jina la mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Mkanda ukawa mtu, mtu akawa habari ya magazetini, habari ikawa mtoto wa Mississippi. Mwalimu wa isimu atapata hapa somo la onomastiki analoweza kulifundisha kwa saa nzima. Mtoto atapata kitu cha kumwambia nyanya yake.

Tarehe nazo zatazamana. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka ya ndani na Jomo Kenyatta akawa waziri mkuu. Siku kumi na moja baadaye baba wa Darrell Kenyatta aliuawa. Yule aliyehukumiwa kama gaidi aliingia ofisini mwezi uleule ambao mtu aliyedai kuandikishwa kwa wapiga kura tu alizikwa, kwa heshima za kijeshi, katika makaburi ya Arlington. Sisemi kwamba kiongozi wa watoto afafanue mambo haya yote. Namwonya tu asiyafunike. Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 12 hivi, atauliza kwa nini nchi moja ilikuwa ikifungua mlango wake wakati nyingine ikiufunga, na swali hilo litakuwa lake.

7.0 Swali la kutokea

Ziara inarudi bandani, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Sasa pasimuliwe kilichotokea hapo, kwa maneno machache na yasiyopambwa. Tundu la risasi ukutani mwa jikoni watoto watakuwa wamekwisha kuliona na kuliuliza, na mwelekeo wake utaeleweka. Kinachofuata chaweza kutabirika kwa uhakika karibu kamili. Mtoto atauliza: je, yule mtu alikamatwa?

Swali hili hujibiwa vibaya mara nyingi. Husemwa "ndiyo", na basi linaruka. Jibu la kweli ni refu, na urefu wake ndio maana yake. Byron De La Beckwith alikamatwa mwezi huohuo wa Juni 1963. Alama ya kidole chake ilikutwa kwenye darubini ya bunduki. Alishtakiwa mara mbili mwaka 1964, mbele ya mabaraza ya waamuzi ambao wote walikuwa wanaume weupe, na mara zote mbili hawakukubaliana. Akarudi kwake. Myrlie Evers hakuacha kulidai jambo hili, na mwaka 1991 mwili wa marehemu ulifukuliwa ili uchunguzwe upya. Van, ambaye usiku ule wa Guynes Street alikuwa na miaka mitatu na hakuwa na kumbukumbu ya kutosha ya baba yake, alikuwapo, akauona uso wake. Tarehe 5 Februari 1994, mbele ya baraza la waamuzi weusi na weupe, Beckwith alipatikana na hatia akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mtoto ahesabu mwenyewe: kutoka 1963 hadi 1994 ni miaka mingapi? Ni zaidi ya umri wa mwalimu wake, pengine. Myrlie aliishi kuiona hukumu hiyo, akawa mwenyekiti wa chama cha NAACP kuanzia mwaka 1995 hadi 1998, na tarehe 21 Januari 2013 ndiye aliyeomba dua katika sherehe ya kumwapisha kwa mara ya pili Barack Obama, mwana wa baba Mkenya. Beckwith alifariki Januari 2001, akiwa bado mfungwa. Darrell Kenyatta Evers alifariki mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka 47.